Nira Darasani

Mwalimu wa fizikia hakusema "vizuri" hata siku moja; kila mara alijifuta chaki kwenye sweta na kuuliza kwa sauti ya chini, "Umeona nini?" Marieta alipokariri kanuni ya momenti, ile ya uzito na umbali, kwa Kiingereza bila kukosea, aliulizwa swali lilelile. Kesho yake mwalimu akaja na nira ya ng'ombe begani. Akambebesha Marieta ncha moja na mwanafunzi mwenzake Festo, pande la mtu, ncha nyingine, ndoo ya mawe ikining'inia katikati. Mikono ile ya chaki ikaisogeza ndoo kuelekea kwa Festo, taratibu, mpaka Festo akaguna. Marieta akawakumbuka maksai wa baba: mnyororo hufungwa karibu na mwenye nguvu.

"Umeona nini?"

Marieta, aliyekwisha kuamua kuacha fizikia, alikaza bega. "Mwalimu, naomba uirudishe ndoo katikati. Nataka kuisogeza mwenyewe."