Abiria wa Mzee Polepole

Jina lake halisi walilijua mkewe na karani wa pensheni. Wengine wote walimwita Mzee Polepole, na jina hilo alilipata kihalali. Aliendesha gari la maiti la kampuni ya mazishi tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii hadi zikawa nyeupe pe, na katika muda wote huo hakuwahi kumpita mtu barabarani. Honi hakuipiga. Breki hakuifunga kwa ghafla hata siku ile mbuzi alipojitupa mbele yake, na mbuzi alipona, kwa taarifa yenu. Dereva aliyemfundisha kazi alimwambia siku ya kwanza: huko nyuma kuna watu wamekaa kando ya jeneza, wamenyamaza kwa taabu, na ukilitikisa gari wataanza kulia upya. Polepole alilishika neno hilo. Alijifunza kulisimamisha gari bila abiria kujua kwamba limesimama, na kila alipoondoka aliwasha taa mchana kweupe, ili wenye magari wajue kuna msiba unapita. Anayefuata msafara naye huwasha zake, na anayekutana nao husimama pembeni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na aliiheshimu.

Mkewe alikuwa mshonaji wa mapazia. Chumba cha mbele kilikuwa himaya yake: cherehani dirishani, meza ndefu ya kukatia, vitambaa vimesimamishwa pembeni kama wageni waliokosa viti. Alikuwa mwanamke wa maneno. Hakuweza kupiga pasi bila kuisema hiyo pasi, na uzi ukikatika uliambiwa ukweli wake. Walipokuwa wachanga katika ndoa, Polepole alipita nyumbani siku moja na gari la kampuni, likiwa tupu, akamwambia apande amfikishe sokoni. Mkewe akalikagua lile gari jeusi kutoka mbele hadi nyuma, akashika kiuno.

"Gari lako mimi nitapanda mara moja tu," alisema. "Na siku hiyo sitakulalamikia hata kidogo."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Yeye akaenda zake sokoni kwa miguu, na kabla ya jua kuzama alikuwa amekwisha kuusahau ule utani. Polepole hakuusahau. Gari la kwao wenyewe hawakuwahi kuwa nalo. Kulikuwa na ada za shule, kulikuwa na paa, kulikuwa na mtoto wa pili aliyekuwa akivunja miguu kama anayelipwa. Kwa hiyo miaka ikapita, na mwanaume aliyewabeba watu wa mji mzima hakuwahi kumbeba mkewe. Kila alipolibeba jeneza la mama wa makamo, utani ule ulimrudia. Alipokaribia kustaafu aliuogopa waziwazi. Aliona unataka kutimia, na yeye amekaa tu anautazama.

Ndipo akakata shauri kwamba atanunua gari, na kwamba mkewe atapanda akiwa mzima, mdomo wake ukifanya kazi kama kawaida. Hakumwambia mtu sababu hiyo. Alisema tu kwamba anatafuta gari.

Alilipata alipokwenda kung'oa jino. Alitoka kwa daktari wa meno shavu moja limekufa ganzi, na pale uani, chini ya kibanda cha mabati, akaliona: gari la spoti la zamani, la kijani kilichokolea, fupi, lililolala chini karibu na ardhi, paa lake la turubai limekunjwa nyuma. Usukani ulikuwa wa mbao. Viti vilikuwa viwili, vya ngozi ya kahawia iliyopasukapasuka, na nyuma ya viti hivyo hakukuwa na kitu ila kifuniko cha buti. Polepole alilizunguka taratibu, mkono shavuni. Hakuvutiwa na kitu kingine chochote kama alivyovutiwa na hapo nyuma. Hilo lilikuwa gari lisilo na mahali pa kumlaza mtu. Ukipanda humo, umekaa.

"Linauzwa," daktari alisema kutoka mlangoni, bado amevaa glovu. "Mgongo wangu umekataa. Kuingia naingia, kutoka mpaka niitiwe watu."

"Naweza kulijaribu?" aliuliza Polepole, ingawa kwa lile shavu alisikika kama mtu anayeongea ndani ya mto.

Daktari alisita. Wanunuzi waliotangulia walikuwa vijana watupu, na kila mmoja aliliza matairi mpaka majirani wakatoka nje. Alipanda kwa kunung'unika, akajifunga mkanda, akashika mlango kwa mikono miwili. Polepole akawasha injini. Gari likanguruma kwa sauti nene iliyomtetemesha kila mtu kifuani. Halafu akaling'oa pale uani kwa upole, akalipitisha mitaani kwa mwendo wa mtu anayesindikiza wageni, akazunguka bustani, akarudi. Daktari hakuwa ameuachia mlango, lakini macho yake yalikuwa yamefumba.

"Tumefika?" aliuliza.

"Tumefika zamani, daktari."

"Mzee, unajua kwamba gari hili linaweza kukimbia sana?"

"Najua. Na mimi naweza kupiga kelele sana, ila sipigi."

Daktari akacheka, akampunguzia bei bila kuombwa. Kiinua mgongo alicholipwa alipostaafu kikaenda karibu chote.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mkewe alitoka na sindano midomoni, akasimama kizingitini, akalitazama gari, akamtazama mumewe, akazitoa zile sindano moja moja na kuzichomeka kwenye kitambaa. Hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Nusu nyingine wanaleta lini?" aliuliza.

"Limekamilika hilo, mama."

"Tuna wajukuu wa kujaza lori, wewe unaniletea gari la watu wawili. Wajukuu wakija tutawafunga kamba juu?"

"Kiti cha pili ni chako."

"Changu? Mimi na umri huu nikae matako karibu yaguse lami, upepo unanivua kilemba, watu waone? Mzee wangu, ganzi ilifika kichwani. Sipandi."

Hakupanda. Wiki ikaisha, na nyingine, na mwezi. Polepole kila alasiri alilitoa gari, akafungua mlango wa upande wa pili, akasubiri kidogo, akaufunga, akaenda kuzunguka peke yake. Majirani walishamzoea: kijani kile kikinguruma kama simba na kutembea kama kobe, taa zikiwaka jua la utosi, maana mkono wake ulikuwa umezoea kuwasha taa na hakuwahi kuuachisha. Binti yao mkubwa alipiga simu akamshauri baba aliuze, achukue gari la maana. Polepole alijibu kwamba atafikiria. Hakufikiria. Lakini kusema kweli alianza kufa moyo, na jioni nyingine alikaa ndani ya gari pale pale uani, mkono kwenye kiti kitupu, akimsikia mkewe dirishani akigombana na cherehani.

Kilichomtia mwanamke yule garini kilikuwa mapazia. Hoteli moja mpya iliyo ng'ambo ya mji ilikuwa imeagiza mapazia ya ukumbi wake, na mwenye pikapu aliyezoea kumbebea mizigo alipiga simu asubuhi ya siku yenyewe, gari limegoma. Mapazia yalikuwa tayari, yamezungushwa kwenye bomba refu la kuyatundikia, na juu yake amelifunga shuka jeupe dhidi ya vumbi, kama afanyavyo siku zote. Alisimama uani, akatazama barabara, akatazama saa, akalitazama gari la kijani.

"Leo tu," alisema. "Na si kwa ajili yako. Ni kwa ajili ya mapazia."

Polepole aliogopa neno moja lingeharibu kila kitu. Aliuchukua ule mzigo mikononi, akaulaza juu ya kifuniko cha buti, akaufunga kamba mbele, katikati na nyuma, kwa mafundo yale yale aliyoyafunga maisha yake yote, akaupigapiga kidogo kwa kiganja kuhakikisha umetulia. Mkewe akajitanda khanga nyeusi kichwani kwa sababu ya upepo, akaikaza mpaka yakabaki macho. Paa likabaki wazi, maana mzigo ulikuwa umelikalia. Wakatoka. Mkono wa Polepole ukawasha taa.

Msomaji ameshaona kitakachotokea. Wao hawakuona. Yeye alikuwa amefunga mzigo kama kawaida yake, na mkewe alikuwa ameuvika kama kawaida yake, na hakuna aliyesimama kando kuwatazama wote wawili kwa pamoja.

Mama alikuwa kimya. Alikuwa ameamua kutompa mumewe raha ya kusikia neno. Polepole naye alikuwa na furaha, akawa mwangalifu kuliko siku zote, na alivyozidi kuwa mwangalifu ndivyo alivyozidi kwenda polepole. Kwenye duka la dawa, wazee wawili waliokuwa wakicheza bao la drafti walisimama wakavua kofia. Mbele kidogo, mwuza magazeti alizima redio yake. Kwenye makutano makubwa, askari wa barabarani alinyoosha mkono akayazuia magari ya pande zote, akabana visigino, akapiga saluti.

Mama ndiye aliyeshindwa kunyamaza. "Huyu naye anatupigia saluti ya nini?"

Polepole akatazama kioo. Nyuma yao kulikuwa na mstari wa magari usioonekana mwisho, moja nyuma ya jingine, na yote yamewasha taa. Katikati ya kioo, mbele ya taa zote zile, palikuwa na kitu kirefu kimelala ndani ya shuka jeupe.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nadhani wanatusindikiza."

"Wapi?"

"Makaburini."

Mkewe akageuka. Akauona mzigo wake. Akayaona magari. Akaishika khanga yake nyeusi, akaitazama kama ndiyo kwanza anaiona. Kisha akarudi kukaa, akatazama mbele, na hakusema kitu.

Hapo ndipo Polepole alipoogopa kwelikweli. Alikuwa ameuza jasho la maisha yake ili aukimbie ule utani, na sasa huu hapa umetimia barabarani: amembeba mkewe kwa msafara wa mazishi, na mkewe ameketi kimya, halalamiki hata kidogo.

"Sema neno," alimwomba. "Nigombeze. Chochote."

"Kwa nini ulilinunua gari hili?" mkewe aliuliza. Hakuwa anagomba.

Akamwambia. Alimkumbusha gari jeusi, na safari ya sokoni, na alivyoshika kiuno. Akamwambia idadi ya wanawake aliowabeba akiwaona wote wana sura yake. "Nimebeba watu wengi," alisema, "na hakuna aliyewahi kuniambia hata geuka kushoto. Wewe nilitaka nikubebe unaongea. Basi. Halina nyuma hili. Ndiyo maana nililipenda."

Mkewe alimgeukia. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakujisumbua kusingizia upepo.

"Mwaka gani huo nilisema hivyo?"

"Kabla ya mtoto wa kwanza."

"Na umekaa nalo moyoni mpaka leo, mwanaume mzima? Mzee wangu, si ungeniuliza tu? Ningekuambia nilikuwa naona aibu kushushwa sokoni na gari la maiti."

Mbele yao barabara iligawanyika. Kulia ilikwenda hotelini. Kushoto ilikwenda makaburini, na Polepole alijua kwamba wale walio nyuma watamfuata popote, maana watu wema hawauachi msiba njiani. Alikuwa bado anawaza afanye nini mkewe alipofungua mkanda, akapiga magoti juu ya kiti akiwa ameelekea nyuma, akalishika shuka jeupe na kulivuta. Pazia likafumuka na kupepea: la manjano, lenye maua mekundu makubwa kama sahani.

"Jamani!" alipaza sauti hadi ikafika mwisho wa mstari. "Ni mapazia! Mapazia ya hoteli! Na mimi ni mzima, asanteni sana, Mungu awabariki, rudini makwenu!"

Kisha mtu mmoja akapiga honi, na mwingine, na mstari mzima ukalipuka kwa honi na vicheko, na taa zikazimwa gari moja baada ya jingine. Mama akakaa, akajifunga mkanda, akaivua khanga kichwani akaikalia.

"Zima taa," alisema. "Halafu uendeshe kama mtu mwenye mke hai."

Mkono wa Polepole ulipapasa, ukakipata kitufe, ukazima. Mguu wake ukakanyaga. Gari likaruka kama lililokuwa likisubiri ruhusa tangu lizaliwe, na kwenye kona ya kulia akampita mtu barabarani kwa mara ya kwanza maishani, mwendesha baiskeli tu, lakini alimpita.

Na hapo mkewe alianza. Kiti kinamchoma. Upepo umemtoa machozi. Pazia linaburutika nyuma na nani atalifua. Hii kona ameikata vibaya, na hivi aliyempa leseni alikuwa amelewa? Apunguze. Si hivyo, aongeze. Aliendelea hivyo hadi getini kwa hoteli, na gari liliposimama akakatiza maneno, akatazama chini.

"Limesimama? Mbona sijasikia?"

"Turudi nyuma kidogo," alisema Polepole, "tuje tena. Ulikuwa hujamaliza."