Zizi la Babu

Leo asubuhi, kwenye bustani ya hoteli ninayofanyia kazi hapa Diani, mtu amefungua gunia la samadi. Harufu iliponifikia nikawa mtoto tena, miguu mitupu, ninakimbia.

Kiangazi kilikuwa kimeunguza malisho yetu yote nyuma ya Msambweni, na ng'ombe wetu alikuwa amekauka maziwa. Mdogo wangu alilia hata sauti ikamwisha. Kisha mvua ikapita kidogo, na baada ya siku chache mama akanishika mkono.

"Twende pale babu yako alipokuwa na zizi. Mbio, kabla mbuzi wa jirani hawajafika!"

Zizi lenyewe liliondolewa kabla sijazaliwa. Hapakuwa na hata kigingi. Lakini wallahi! Kote kulikuwa na nyasi kavu za rangi ya makuti, na katikati yake duara la kijani, kijani cha kuumiza macho, nyasi nene zikifunika miguu yangu. Nilijitupa chini nikagaagaa. Zilikuwa baridi, zimejaa maji.

"Mama, nani amezipanda?"

"Ng'ombe wa babu yako. Mavi yao bado yamo humu ardhini, yanailisha."

Tulikata huku tukicheka kama wendawazimu. Maziwa yangerudi! Nikaweka kiganja kwenye ule udongo mweusi, nikapaza sauti: "Shikamoo, babu!"

Nilidhani mama atanicheka. Akaweka mundu chini, akaitikia kwa sauti nzito, sauti ya baba yake:

"Marahaba, mjukuu wangu."