Mwambie Mama Yako Ainame

Hapa ufukweni fundi anapaka mashua sifa, yale mafuta ya papa, na harufu yake ni ile ile ya chombo cha baba. Wanangu wananivuta mkono, wanataka kupanda. Nimewaambia hapana.

Nilipokuwa mtoto, asubuhi moja baba alisema tunakwenda kutembea baharini, nikavaa gauni langu la Idd. Mama alikaa mbele, kando ya sanduku lake la nguo, amejitanda mtandio hadi usoni. Nilidhani anajikinga upepo.

Baba alishika usukani huku akinionyesha mji: forodha ya zamani, boma la Wajerumani, magofu yenye mizizi ukutani. Alichangamka kupita kiasi. Tanga lilipotaka kugeuzwa, aliniambia mimi, "Mwambie mama yako ainame."

Mama aliinama kabla sijafungua kinywa.

Tulitia nanga mbele ya kijiji cha kwao mama. Bibi aliteremka pwani, na macho yake yakatua kwanza kwenye sanduku.

"Shikamoo, mama," baba alisema.

Bibi alimpita. Akamgeukia mama, mwanawe. "Talaka ngapi?"

"Tatu, mama. Si mume wangu tena."

"Na mtoto kamvalisha gauni la Idd!"

Mama alisubiri baba ampe kisogo, ndipo akafunua uso.

Baba alinibeba begani, akanirudisha chomboni. Nililia hadi sauti ikakauka. Tulipofika tena mbele ya mji, alinyoosha kidole, akaanza upya: "Ile pale ndiyo forodha ya zamani."