Mfumo Haukuwa na Pa Kuweka Barua

Nilikwenda steshenari ya jirani, hapa Soweto, Mbeya, ninakofundisha tuisheni, nikiwa na barua ya kurasa mbili. Ulikuwa mwaka wangu wa tatu kuomba udaktari wa meno. Barua ilieleza kwa nini shahada yangu ya baiolojia ilitoka na GPA ndogo: mwaka wa pili nilikaa Iringa nikimuuguza baba mpaka tukamzika, nikarudi chuoni na sapu nne.

Labda hujui sapu ilivyo. Ni mtihani wa marudio, na chuoni kwetu hata ukipata alama zote unaandikiwa C. Zangu nilizifanya vizuri. Zote nne zimeandikwa C.

Dada wa steshenari, anayetutumia maombi ya chuo, aliingiza matokeo yangu kwenye mfumo, yakatokea maandishi mekundu: huna sifa.

"Barua tunaiweka wapi?" nikauliza.

"Barua ya nini tena, mwalimu? Hii ni kompyuta, siyo mtendaji wa kijiji!"

Tulicheka wote, nami nikaikunja barua nikairudisha mfukoni.

Jioni mama alipiga simu kutoka Iringa. "Wamekuchukua?"

Nikamweleza taratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, habari za sapu na C, na kwamba ukishahitimu GPA haipandi tena.

Akasema, "Kwa hiyo ni kwa sababu ya kumuuguza baba yako."

Nilikuwa nimeeleza vizuri mno.

"Hapana, mama," nikasema. "Nilikuwa mvivu tu."