Lori la Papa Lilipovishwa Godoro

Enzi zetu ughaibuni, pale mtaa wa Anderlecht, nani alihitaji saa? Lori la Papa likikata kona, vikombe vilicheza kabatini, tukajua chakula ki karibu. Lilikuwa lori kuukuu, injini yake ikiwa ndani ya kabini, katikati ya viti viwili. Juu ya kifuniko chake ndipo nilipoketi mimi, Neema, mtoto wa kwanza. Makalio yaliiva! Maman aliweka hapo hapo sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, na tukifika kwa shangazi mtaa wa Molenbeek ilikuwa bado inatokota. Watoto wa leo wakikosa kiyoyozi dakika tano wanalia kama wameonewa.

Papa alifanya kazi juma zima. Jumamosi ndani ya lori ndiyo ilikuwa nafasi pekee ya Maman kuzungumza na mumewe, naye alizungumza kweli. Kwa ngurumo ya injini, Papa aliitikia kwa kichwa bila kusikia neno. Siku moja Maman alipaza sauti kwamba mama yake anaumwa huko kwao Bukavu. Papa akajibu, "Bon, tutanunua kesho." Maman alilia mpaka nyumbani.

Papa aliona aibu. Akawaomba wapendwa wa kanisani kitu cha kuzuia joto na kelele. Hapo ndipo alipokosea, maana kwetu zawadi hairudishwi. Mzee Musafiri alileta godoro. Maman Furaha, mazulia matatu. Kwaya ikatoa majoho yake ya zamani. Tonton, mjomba mwenye saluni mtaa wa Matonge, akaburuta gunia la nywele bandia: "Hii itakamata bruit yote, makelele yote!" Papa akabandika kila kitu, sakafuni, milangoni, darini, na mchungaji akaliombea lori.

Jumamosi, injini ikawashwa. Kimya! Nywele zilinuka kuungua kidogo, basi. Papa aliingia kwa ubavu, mimi nikapenyezwa. Ikabaki zamu ya Maman, mama mwenye mwili wake. Alijaribu kwa bega, akajaribu kwa mgongo. Wapendwa wakamsukuma huku wakiimba. Hakuingia.

"Papa Neema," alisema, "sasa utanisikia namna gani, na mi niko inje?"

Papa aliwatazama watu wote wale na zawadi zao. Nilimwonea huruma sana. Kisha akaling'oa godoro la mzee.

"Batu ya Mungu, munisamehe. Bibi yangu kwanza."

Aling'oa vyote. Nywele zikapeperuka mtaa mzima. Mzee Musafiri hakutusalimu mpaka Noeli.

Tukaondoka na ngurumo yetu. Kwenye taa nyekundu ya kwanza Papa akazima injini, akamgeukia mkewe. "Alors, Maman Neema. Sema." Maman akamweleza habari za mama yake. Taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, nyuma honi na matusi ya Kifaransa. Papa hakuondoka mpaka Maman alipomaliza.

Gari langu la leo halina sauti hata kidogo. Mume wangu hukaa kando yangu, kidole kwenye simu, nami taa ikiwa kijani huondoka mara moja.