Dada yangu anataka masomo yangu yangoje mtoto wake akue

Admin, tafadhali usiweke jina langu wala la kiwanda ninachofanyia kazi, maana huku watu wanajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa. Niliolewa mara moja, ndoa ikavunjika bila mtoto, na sasa naishi peke yangu kwa nyumba ya kampuni, upande wa Kericho. Wazazi wetu walitoka upande wa ziwa wakaja kuchuna chai, na wote wawili walishaaga dunia. Nimebaki na dada yangu mdogo tu. Yeye ni mwalimu na ameolewa Londiani.

Nilipomaliza kidato cha nne niliitwa chuo. Barua ilifika wiki ile ile tuliyomzika mama, na baba alikuwa ametangulia. Dada alikuwa ndiyo ameanza sekondari, kwa hivyo niliiweka barua kwa sanduku nikachukua kikapu nikaingia shambani. Sijawahi kumlaumu. Siku alipohitimu ualimu alinishika mikono mbele ya wageni akasema sasa ni zamu yangu, na kwamba siku nikitaka kurudi shule nimwambie yeye kwanza.

Kwa miaka tisa sasa nafanya kazi kwa chumba cha kuonjea chai. Nachemsha maji, napima majani, napanga vikombe na kuviosha. Mwonjaji wetu ni mzee Mkipsigis, mpole, si mtu wa maneno mengi. Polepole alianza kuniuliza mimi naonaje. Naonja, natema, namwambia hii ilikaa sana kabla ya kukaushwa, hii moto ulizidi. Anatikisa kichwa na kuandika. Mwaka huu aliniambia anastaafu mwakani na angependa kunipendekeza niwe msaidizi wa mwonjaji atakayekuja, lakini bila cheti ofisi haitaangalia jina langu. Yeye ndiye alinitafutia chuo chenye kozi ya teknolojia ya chai, masomo yakiwa Jumamosi kwa watu walioajiriwa. Niliomba nafasi, nikaipata.

Hapo ndipo nilijua vile niko peke yangu. Mkopo wa Sacco unataka wadhamini watatu. Mzee alisaini wa kwanza. Nikaenda kwa jirani ambaye tunaimba naye kwaya. Aliniuliza mkopo ni wa nini, nikasema ni wa shule, akaweka kalamu chini. Alisema kama ningekuwa nanunua ng'ombe angesaini saa hiyo hiyo, kwa sababu ng'ombe anaweza kuuzwa. Jirani mwingine alisema atafikiria, na tangu siku hiyo akiniona kwa mfereji anangoja nimalize kuchota ndipo atoke. Baadaye nikasikia kanisani inasemekana naenda chuo kutafuta bwana.

Nikampigia dada. Nilimwomba anisaidie karo ya muhula wa kwanza tu. Yeye akasema, "Dada, kwa huo umri, na huna mtoto, unasomea nani?"

Nilimwambia nitapiga tena. Sikupiga. Nilikaa kwa kitanda na gamboti za kazi miguuni.

Baada ya siku tatu alikuja mwenyewe, mtoto mgongoni, na gunia dogo la viazi. Aliomba msamaha. Alisema amechoka, likizo ya uzazi inaisha, na msichana wa kazi ameondoka bila kuaga. Halafu akatoa lililomleta. Anataka niache kazi nihamie kwake nilee mtoto mpaka aingie chekechea, kisha yeye na bwana yake watanilipia masomo yote, hata diploma nikitaka.

"Ni miaka mitatu tu," alisema. "Chuo hakihami."

Nilimweleza kwamba mzee anastaafu na nafasi hiyo haitaningoja. Akasema viwanda ni vingi. Nikamuuliza kama ananiomba kama dada yake ama ananiandika kazi. Aliinama akaanza kulia, nami nikalia, na mtoto alikuwa amelala kwa mapaja yangu, kwa hivyo hakuna mtu alisimama.

Nilipomwambia mzee, hakunishauri kitu. Juzi alinirudishia fomu ya mkopo niliyokuwa nimemwachia. Alikuwa ameenda mwenyewe kwa dereva wa lori la majani na kwa karani wa mizani, na wote wamesaini. Imebaki sahihi yangu. Masomo yanaanza mwezi ujao.

Jana dada alinitumia picha ya chumba alichonitayarishia. Kuna kitanda, blanketi mpya, na dirisha linaloangalia shamba la viazi. Hakuna mtu amewahi kunitayarishia chumba. Nimeiangalia hiyo picha mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema.

Najua wengi mtaniambia dada ananitumia, na labda ni kweli. Lakini wacha niseme kitu ambacho sijamwambia mtu. Kinachonivuta Londiani si karo. Ni kwamba nikipakua ugali kutakuwa na mtu wa kula na mimi, na kuna mtoto ambaye atanijua kwa sauti. Nikisaini hii fomu, Jumamosi nitakuwa darasani, na nikitoka huko nitafungua huu mlango na hakuna mtu ataniuliza leo nimefundishwa nini.

Dada anataka jibu Jumapili. Sitaki matusi juu yake, tafadhali. Nataka kusikia kutoka kwa mtu aliyechagua masomo akiwa na umri kama wangu, akiwa peke yake kama mimi. Ulivumilia vipi? Na uliporudi kwa nyumba na hicho cheti, ulimwonyesha nani?