Nyekundu Niliyosahau Kuifunga

Mama yangu anafanya kazi za nyumbani Uarabuni, na bibi aliyenilea hapa Amu, mjini Lamu, hasomi tena simu. Si kwamba hajui kusoma. Ana mtoto wa jicho, na ule mwanga mweupe wa simu unamchoma, herufi zinageuka sisimizi. Basi nikawa msomaji wake mimi, mtu ambaye hata kusema chakula kimeiva siwezi bila kutia chumvi. Mama akiandika anatusalimu sote, mimi nasoma kwamba anatusalimu sote na yule mjukuu mzuri wa sura apewe kichwa cha samaki.

Vichwa nilivila vingi kabla Bibi hajashtuka.

"Nataka kusoma mwenyewe," akaniambia. "Tafuta ndia."

Njia nikaipata klabu ya kompyuta shuleni, kwenye lile dirisha jeusi la kuendeshea programu za Python. Nikaazima laptop ya mjomba, ile ambayo kioo chake kinaegemezwa tofali kisianguke, nikaziweka herufi za dirisha njano, nikazikuza zikawa kama za kibao cha duka. Bibi akavuta kiti. Akasoma maneno ya mwanawe kwa sauti, polepole, kidole hewani. Nilitaka kumtania, nikashindwa.

Utani wangu hakuukataza. Aliuwekea sheria: ya mama yabaki njano, upuzi wangu niutie nyekundu aujue. Kazi rahisi. Ndani ya amri ya print unatanguliza alama, \033[91m, na kila kinachofuata kinakuwa chekundu. Ukimaliza unaifunga kwa \033[0m, maandishi yanarudi rangi yake. Bibi akiifikia nyekundu anaanza kucheka kabla hajaisoma, ananiita kidhabu, mwongo.

Mama alikuwa ameahidi kuja Maulidi. Kitanda chake kilishatandikwa, na kila alasiri Bibi alikifukiza udi chumba kisicho na mtu.

Siku ujumbe ulipofika nilikuwa natoka mpirani. Nikaunakili kutoka simuni, nikaubandika kwenye programu mbio mbio bila hata kuusoma, na juu yake nikaweka mstari wangu mwekundu, kwamba mama anaagiza nisitumwe dukani hadi Ramadhani. Nikaendesha programu.

Bibi akausoma ule mstari, akacheka. Akaendelea na ujumbe wa mama: Mwajiri wangu amenizuilia pasipoti. Maulidi sitakuja. Sijui lini. Yote mekundu. Alicheka akajishika ubavu, akasema safari hii nimetunga kweli, hadi sauti ya mamangu nimeipata.

Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nayaona hayo maneno. Sikuwa nimeifunga rangi, ikamwagika mpaka chini.

Ningeweza kunyamaza. Uongo nina kipaji nao, mtaa mzima unajua. Lakini angeendelea kufukiza kile chumba, na mimi ndiye ninayetumwa kununua udi. Nikaiongeza ile alama ya kufunga, nikaendesha tena. Mstari wangu mwekundu, yaliyobaki yote njano.

Safari hii alisoma kimya. Kidole kilibaki hewani, hakisogei.

"Irudishe nyekundu," akasema.

Nikaifuta alama, nikaendesha. Akaitazama, hacheki, huku moshi wa udi ukitujia kutoka chumba cha mama.